Mteremko wa Kapata: tairi lipi likae mbele?

Na Mwandishi Wetu, Kolwezi

Baiskeli imebeba magunia matatu ya makaa, mawili ubavuni na moja limelazwa juu ya keria, na mwenye nayo haonekani ukimtazama kwa nyuma. Mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili umekumbatia mzigo. Barabara inateremka taratibu kuelekea Kapata. Njia nzima tangu porini alikuwa akiisukuma baiskeli. Hapa kazi imegeuka, sasa anaizuia.

Honi inalia nyuma yake. Ni lori la migodi, na mbele linakuja jingine, kwa hiyo halina pa kumpisha. Anaitoa baiskeli kwenye lami. Kati ya lami na udongo pana ngazi ya kina cha kiganja, ukingo uliomeguka ukabaki na ncha za kokoto. Gurudumu la mbele linashuka salama kwa kuwa ni jepesi. La nyuma linashuka na uzito wote wa makaa. Kinasikika kishindo kimoja kikavu, kisha upepo unatoka.

Fundi akiitoa tyubu ataona matundu mawili madogo yanayolingana, yamepishana kwa upana wa rimu. Hakuna mwiba wala msumari. Tairi lilibonyea mpaka rimu ikagonga chini, na tyubu ikabanwa katikati kama kidole kwenye mlango. Kila fundi wa baiskeli anayekaa chini ya mwembe kuanzia Kolwezi hadi Likasi analijua kovu hilo.

Wanalijua pia mafundi wa timu za mbio za baiskeli za mteremko, zile mbio ambazo mtu mmoja mmoja huachiwa kutoka juu ya mlima akishindana na saa, dakika tatu hadi tano, juu ya mawe, mizizi na matope. Wao hutumia siku nzima kabla ya shindano wakibishana juu ya tairi: zito au jepesi, laini au gumu, upepo mwingi au kidogo. Mbebaji wa makaa wa Lualaba hana siku ya kubishana. Lakini anashuka akiwa na mzigo mzito kuliko wao, kwa tairi jembamba kuliko lao na breki dhaifu zaidi. Swali la tairi linamhusu yeye kwanza.

Mji wa migodi unaopikia makaa

Kapata iko kusini-magharibi mwa jiji la Kolwezi, karibu na mashimo ya Mashamba na Dikuluwe. Ni mtaa wa wafanyakazi wa migodi, wenye asili yake katika zama za Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi mali ya Union Minière du Haut-Katanga mwishoni mwa miaka ya 1960. Kolwezi yenyewe ilianza mwaka 1937, na tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba nchini Kongo, baada ya Katanga ya zamani kugawanywa.

Shaba na kobalti ya hapa inasafiri mbali. Malori yanaipeleka Likasi na Lubumbashi kwa Barabara ya Taifa namba 39 na namba 1, yanavuka mpaka huko Kasumbalesa, na mengine hayasimami mpaka bandari ya Dar es Salaam au Durban. Kobalti hiyo inaingia kwenye betri za simu na magari, na hata za baiskeli za umeme ambazo watu wa Ulaya wanapandia milima.

Jikoni mambo ni mengine. Chakula cha Kapata kinapikwa kwa makaa, na makaa yanatoka kwenye miombo, misitu inayozidi kurudi nyuma kadiri miji ya shaba inavyopanuka. Kila msitu unavyorudi nyuma, safari ya baiskeli inarefuka. Mzigo wa kilo 100 na zaidi si jambo la ajabu. Baiskeli nyingi ni zile za chuma za magurudumu ya inchi 28, za Kichina au za Kihindi, zenye breki za fito zinazobana rimu.

Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miteremko yake haitishi kwa macho. Hakuna majabali kama ya Kivu. Mteremko wa Lualaba ni mrefu na mpole, unashuka kwenye bonde la mto na kupanda tena, na ndiyo maana unadanganya: mwendo unaongezeka kidogo kidogo, na mzigo hauna haraka ya kusimama.

Halafu kuna majira. Kuanzia Mei hadi Septemba ardhi nyekundu inakauka kuwa vumbi laini kama unga, na kokoto ndogo zinaviringika juu ya udongo mgumu. Mvua zikianza, kwa kawaida kuelekea Novemba, udongo uleule unakuwa ute unaojaza kila nafasi ya tairi mpaka gurudumu linaviringika kama gogo. Waendesha mbio huko ng'ambo wana matairi ya kiangazi na ya matope, na hubadilisha asubuhi ya mashindano wakiona wingu. Hapa tairi moja linapita majira yote mpaka litoe nyuzi.

> Mbebaji wa makaa anashuka akiwa na mzigo mzito kuliko waendesha mbio, kwa tairi jembamba kuliko lao na breki dhaifu zaidi.

Pietermaritzburg, 2013

Watu wengi wa Afrika Mashariki waliufuatilia mchezo wa baiskeli Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Wachache wanakumbuka kwamba mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani yalitangulia kufika barani, miaka 12 kabla, huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini.

Njia ya mteremko ya Pietermaritzburg iliwasumbua mafundi kwa sababu moja: katikati ilikuwa na sehemu ndefu iliyo karibu tambarare, ambapo mtu lazima akanyage pedali kwa nguvu zake zote. Tairi zito la mteremko, lile la tabaka mbili za kitambaa na uzito wa zaidi ya kilo moja, humlinda mwendeshaji kwenye mawe lakini humla nguvu kwenye tambarare. Tairi jepesi humkimbiza kwenye tambarare, kisha likikutana na jiwe linakatika. Ukichagua moja, unalipa mahali fulani.

Greg Minnaar, mzaliwa wa mji huohuo, alishuka mbele ya watu wa kwao. Karibu na mwisho wa njia tairi lake la nyuma likaishiwa upepo. Hakusimama wala hakupunguza. Alivuka mstari na tairi bapa, akamshinda Mwaustralia Mick Hannah kwa tofauti isiyofika nusu sekunde, akawa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Mwaka uliofuata, huko Leogang nchini Austria, Mmarekani Aaron Gwin alipata pancha mapema zaidi, tairi likang'oka kwenye gurudumu, naye akaendelea kushuka juu ya rimu. Hakushinda, lakini alifika chini.

Nazisimulia habari hizi mbili kwa sababu ya jambo ambalo watazamaji hulipita haraka. Katika zote mbili tairi lililokufa ni la nyuma. Kama lingekuwa la mbele, pengine hakuna ambaye angefika chini akiwa juu ya baiskeli. Gurudumu la nyuma likikosa upepo linaburuta na kuyumba, lakini baiskeli bado ina mwelekeo. La mbele ndilo linaloshika mwelekeo. Likiteleza au likibonyea, usukani haumtii mtu tena.

Hesabu ya mzigo unaoshuka

Mbebaji wa kilo 70, makaa ya kilo 100, baiskeli ya kilo 20: jumla kilo 190. Vikishuka bonde lenye kina cha mita 50, nguvu inayotakiwa kupotezwa ili vifike chini bila kuongeza mwendo inatosha kuchemsha zaidi ya robo lita ya maji kutoka ubaridi wa kawaida. Joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kwenye vipande viwili vya mpira wa breki, kwenye rimu, na kwenye nyayo za mtu anayejizuia kwa visigino. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma inapata utando wa maji na breki za fito zinapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndipo unawaona wengine wakibonyeza gurudumu la nyuma kwa soli ya kandambili.

Breki yoyote, nzuri au mbaya, mwishowe inategemea kipande kidogo cha mpira kinachogusa ardhi. Ukubwa wa kipande hicho unakadirika kwa hesabu nyepesi: uzito uliopo juu ya gurudumu ugawe kwa upepo uliomo ndani. Gurudumu la nyuma lililobeba kilo 120, likiwa na upepo wa bar 4, hugusa ardhi kwa kama sentimita za mraba 30 hivi, chini ya nusu ya kiganja cha mtu mzima. Ukipunguza upepo mpaka bar 2, eneo linakaribia kuongezeka mara mbili.

Hapa ndipo mabishano yanapoanza, Kolwezi na kwenye Alps vilevile.

Upepo mpaka jiwe?

Mazoea ya barabara zetu ni kujaza upepo mpaka tairi ligome kubonyea kidole. Sababu inaeleweka. Tairi gumu linaviringika kwa wepesi, na mtu anayesukuma kilo 100 kupanda kilima anahesabu kila pumzi. Pia tairi gumu haliruhusu rimu kugonga chini. Aliyewahi kupata yale matundu mawili pembeni mwa lami, kilomita nyingi kutoka kwa fundi wa kwanza, hatataka kusikia habari ya kupunguza upepo.

Waendesha mbio walikwisha kuifuata njia hiyo wakaiacha. Leo tairi la mteremko lenye upana wa inchi 2.4 au 2.5 hujazwa upepo wa karibu bar 1.6 hadi 2 tu. Likiwa laini linajikunja juu ya jiwe badala ya kuruka, na tairi linaloruka halishiki breki kwa muda ule liko hewani. Lakini wanaweza kufanya hivyo kwa sababu tairi lao ni nene ubavuni, mengi hayana tyubu ndani, na mzigo juu yake ni mtu mmoja. Tairi la inchi 28 la kubebea makaa lina upana wa milimita 40 hivi. Ukilipunguza upepo hadi bar 2 chini ya kilo 120, rimu itakula tyubu kwenye shimo la kwanza.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoleta ushauri wa mbio mzimamzima wakaumwaga barabarani. Lakini liko jambo moja la mbio linalofaa hapa bila gharama yoyote: magurudumu mawili hayana kazi moja, kwa hiyo hayastahili upepo mmoja. La nyuma limebeba makaa, lijazwe. La mbele limebeba sehemu ndogo ya uzito. Kulijaza mpaka jiwe ni kulinyima mshiko bila faida yoyote. Mbebaji akilegeza upepo wa mbele kidogo, kiasi kidole gumba kiingie kwa kubonyeza kwa nguvu, gurudumu hilo litaacha kurukaruka juu ya kokoto za kiangazi, na usukani utatulia mkononi.

Jipya liende wapi?

Mabishano makubwa zaidi yako kwa fundi, pale mtu anapokuwa na hela ya tairi moja tu. Mazoea yanasema jipya liende nyuma. Nyuma ndiko kwenye mzigo, nyuma ndiko tairi linakoisha haraka, na la zamani la nyuma likiwa bado lina uhai kidogo linahamishiwa mbele likamalizie siku zake kwa kazi nyepesi. Kwa miaka mingi mafundi wamefanya hivyo, na si kwa ujinga. Tairi lililochoka likiwekwa chini ya kilo 120 litapasuka, na kupasuka kwake kunamwaga makaa barabarani mbele ya malori.

Upande wa pili ni ule ninaouona kwenye mbio na ambao mafundi wengi wa baiskeli duniani wanaushauri: jipya likae mbele, la mbele lihamie nyuma, la nyuma litupwe. Hoja ni ileile ya kisa cha Minnaar. Tairi la nyuma likishindwa, una nafasi ya kujiokoa. La mbele likiteleza kwenye kona yenye vumbi, mtu anaanguka kabla hajajua kilichotokea, na mzigo unamwangukia.

Katika mbio jambo hili limepitiliza hata kuwa aina mbili za mpira. Ugumu wa mpira hupimwa kwa namba. Tairi la kawaida linaweza kuwa na 60 au zaidi, na yale laini ya mteremko hushuka hadi 42. Mpira laini unang'ang'ania jiwe lenye unyevu ambapo mgumu unateleza. Lakini unaisha upesi, kwa hiyo wengi huweka laini mbele na gumu kiasi nyuma. Hata ukubwa wa magurudumu umetofautishwa: tangu 2019 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, limeruhusu gurudumu la mbele liwe kubwa kuliko la nyuma, na wapo waliochukua 29 mbele na 27.5 nyuma.

Nani yuko sahihi kwa mteremko wa Kapata? Mimi nadhani mabishano yanachanganya vitu viwili ndani ya tairi moja. Tairi lina mwili, yaani kile kitambaa cha nyuzi kinachobeba mzigo, na lina ngozi, yaani mpira na meno yake vinavyoshika ardhi. Nyuma panahitaji mwili. Mbele panahitaji ngozi. Tairi linaweza kuwa kipara na mwili wake bado ukawa mzima, nyuzi hazijaonekana, ubavu haujapasuka. Hilo linaweza kufanya kazi nyuma kwa muda, hasa kiangazi. Tairi lenye meno mazuri lakini ubavu umechanika likashonwa haliwezi kukaa nyuma hata siku moja. Na tairi lililo kipara na limechanika halistahili kukaa popote, hasa mbele, ambako ndiko linakopelekwa kila siku kwa sababu kazi ya huko inaitwa nyepesi.

Kazi ya mbele ni nyepesi kwenye tambarare na kwenye kupanda. Mteremko unaigeuza. Kila unapobana breki, uzito unahamia mbele. Uzito wa makaa yaliyolala juu ya keria unasogea kuelekea usukani. Gurudumu lililokuwa na mzigo mdogo linapata mkubwa ghafla, tena mahali pabaya kuliko pote.

> Nyuma panahitaji mwili. Mbele panahitaji ngozi.

Tairi ndani ya tairi

Kuna ujanja ambao mafundi wa Afrika waliujua kabla ya viwanda vya mbio. Tairi kuukuu linakatwa waya za ukingoni, linabaki mkanda wa mpira na nyuzi, kisha mkanda huo unalazwa ndani ya tairi linalotumika, kati yake na tyubu. Mwiba ukiingia unakutana na ukuta wa pili. Rimu ikishuka kwa kishindo inakutana na mto.

Katika miaka ya karibuni kampuni za vifaa vya mbio zimeanza kuuza pete za sponji ngumu zinazowekwa ndani ya tairi kwa kazi hiyohiyo ya kukinga rimu. Zinauzwa ghali, na wataalamu wanazisifu. Mkanda wa tairi kuukuu ni mzito zaidi na unapata joto kidogo ukikimbizwa sana, lakini baiskeli ya makaa haikimbizwi. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, naona ni kinga bora kuliko zote zinazopatikana Kolwezi, mradi kingo za mkanda zichongwe zisiwe kali. Ukingo mkali unasugua tyubu mpaka inatoboka, na watu wanalaumu tyubu.

Walioenda mbali zaidi ni watu wa Kivu Kaskazini. Huko Goma na vijiji vya juu yake, tangu miaka ya 1970, mizigo imekuwa ikishushwa kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali wala mnyororo. Kutoka nyanda za Kibumba chukudu inashuka na viazi, kabichi, mbao na makaa, mwenyewe akiwa amepiga goti moja juu yake. Gurudumu ni la mbao, limevishwa kipande cha tairi kuukuu la gari na kupigiliwa misumari. Breki ni kipande kingine cha mpira kinachokanyagwa dhidi ya gurudumu la nyuma. Goma iliienzi chukudu kwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katikati ya mji.

Chukudu haipati pancha kamwe. Lakini haina upepo wa kumeza mtikisiko, kila jiwe linapita moja kwa moja kwenye mbao na kwenye goti. Waliotengeneza chukudu walichagua uimara wakaacha mshiko, na kwa mawe ya volkano ya Goma uchaguzi huo una maana, kwa kuwa mawe hayo ni makali na yanashika chochote. Kwa udongo wa Lualaba wakati wa mvua, gurudumu gumu lingekuwa balaa.

Mpira uliotoka hapa

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Miaka mitatu baadaye ndugu wa Michelin nchini Ufaransa wakaleta tairi linaloweza kuvuliwa na kuzibwa pancha. Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baiskeli, na homa hiyo ikahitaji mpira kuliko dunia ilivyoweza kutoa.

Sehemu ya mpira huo ilitoka Kongo ya Leopold wa Pili, kwenye mitambaazi ya porini ya Équateur, Kasai na kwingineko. Vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta. Vilivyoshindwa vilichomwa, wake walishikwa mateka, watu walikatwa mikono. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ilitolewa 1904, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1906, ikazaliwa Union Minière, na macho ya wenye mitaji yakageukia shaba ya Katanga. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanakijiji wa Kongo walirudishwa tena porini kugema mpira kwa nguvu.

Siandiki haya ili kumlaumu mtu anayependa mbio za baiskeli. Mimi mwenyewe nazipenda. Naandika kwa sababu nchi ambayo watu wake walikufa ili baiskeli za wengine zipate matairi ina haki ya kuuliza kwa nini leo mbebaji wake anashuka mlima kwa tairi lililoshonwa uzi.

Dukani

Tairi la inchi 28 kwa 1½ lina alama nyingine ubavuni: 40-635. Namba ya pili ndiyo ya kutazama, kwa maana ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Baiskeli za milimani za zamani zina 559, za inchi 27.5 zina 584, za 29 zina 622. Tairi la 622 nalo huandikwa 28 na baadhi ya viwanda, na mtu asiyejua anaweza kurudi nyumbani na tairi lisiloingia.

Matairi bora ya mbio hayatengenezwi kwa kipimo cha 635. Hapo mbebaji hana uchaguzi mpana: ni matairi ya mpira mgumu, yaliyoundwa yadumu, yenye mistari myembamba badala ya meno. Wafanyabiashara wanasema wanaleta yanayonunuliwa, na yanayonunuliwa ni ya bei ya chini. Wabebaji wanasema wananunua yaliyopo. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana hakuna kinachobadilika.

Vijana wengine wa Kapata na Kolwezi wanahamia baiskeli za inchi 26 zenye matairi mapana ya meno. Kwa mshiko wa udongo wameendelea. Tairi la inchi 2 lina nafasi kubwa ya upepo, linabonyea bila rimu kugonga, na mvua ikija meno yake yanachimba. Lakini meno marefu juu ya lami yanajikunja na kuisha upesi, na fremu nyingi nyepesi hazikuundwa kwa magunia matatu. Keria inakatika kabla tairi halijachakaa. Anayebeba gunia moja na kupita njia za udongo, nadhani amechagua vyema. Anayebeba matatu abaki na chuma cha zamani.

Kuna adui mwingine dukani ambaye haongelewi: jua. Matairi yananing'inizwa nje mbele ya duka ili yaonekane, miezi mingi, kwenye jua kali la uwandani. Mpira unazeeka hata kama haujaviringika mita moja. Unakuwa mgumu, unapata nyufa nyembamba ubavuni, na mshiko wake unapungua ingawa meno yote yapo. Mnunuzi alikunje tairi kwa nguvu na kulitazama kwenye mkunjo. Nyufa zikionekana, aombe lililokuwa ndani ya duka. Akilibonyeza kwa ukucha na ukucha usizame hata kidogo, huo mpira umekwisha kukauka. Ubavuni mara nyingi pana mshale wa upande wa kuzungukia, na kwenye tairi la meno mshale huo ukigeuzwa, mshiko unaweza kupungua.

Novemba inakuja na mvua. Aliye na hela ya tairi moja analinunua Oktoba, wakati bado kuna vumbi, akiangalia lile la mbele kwanza. Kama mistari yake imekwisha kabisa, jipya likae hapo, hata fundi akishangaa, na la nyuma livishwe mkanda wa tairi kuukuu ndani lipate nguvu ya kuvuka majira. Mwenye hela ya mawili hana la kubishana. Na wafanyabiashara wa Kolwezi wanaoagiza kontena nzima za bidhaa kwa ajili ya migodi wanaweza, katika kontena hizo, kuingiza matairi machache ya 635 yenye mpira laini na mistari ya kina, wayaweke ndani ya duka mbali na jua, waone kama wabebaji hawatayanunua. Mimi nasema watayanunua, kwa sababu nimewaona wakigeuza tairi kuukuu mkononi muda mrefu, wakitafuta upande ambao bado una kitu.